Chungu Kilichonyauka Huku Kimejaa Maji

Binti yangu ameniuliza kwa nini vyungu vya juani navimwagilia, lakini vya kivulini navipita kama sivioni. Nikamjibu kwamba vimeshiba. Hakuridhika, akaenda zake, akaniacha nikiikumbuka alasiri tuliyokipindua chungu kikubwa cha Shangazi.

Shangazi ni mtu wa kumwagilia. Alfajiri keni ya maji iko mkononi, na kila chenye jani kitapata maji, kitake kisitake. Chungu chenyewe kilikaa ubavuni mwa nyumba, upande usiofikiwa na jua la moja kwa moja. Mwanga wake wote ulikuwa ule unaorudishwa na ukuta wa mkabala. Upana wake sentimita 45 hivi. Nyuma kangaga, katikati begonia ya majani ya rangi, mbele kaladiamu, ua la majani mapana linaloota kwenye kiazi. Chaguo zuri, mimea mitatu inayovumilia kivuli. Lakini yote ilikuwa imelegea. Yeye aliona kiu, akaongeza maji. Ikalegea zaidi.

"Shangazi, hebu tukipindue tuone chini."

"Ukiniulia maua yangu, mwanangu, utanitambua."

Tukatandika gunia, tukakilaza chungu ubavu, nikapitisha kisu kirefu kuzunguka ukingo wa ndani, kisha tukagonga kitako kwa kiganja. Donge lilipochomoka, harufu ya yai viza ilitupiga sote wawili. Shangazi aliziba pua kwa upindo wa kanga, lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama matabaka. Juu, udongo wa kahawia wa kawaida. Chini yake, mweusi unaong'aa. Na pale udongo ulipokutana na kokoto, ambazo ziliwekwa kimo cha kiganja kizima "ili maji yapite", palikuwa na utepe wa tope la kijivu, upana wa vidole vitatu, unaotoa maji ukiubonyeza.

Hapo ndipo tulipobishana. Aliamini kokoto hunyonya maji kutoka juu. Kumbe maji hayaachi udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo huo ushibe kabisa. Nafasi ndogondogo kati ya chembe huyashikilia. Tabaka lililoshiba huwapo katika kila chungu, na kimo chake kinategemea aina ya udongo. Ukiweka kokoto, hulipunguzi. Unalipandisha tu likaribie mizizi. Nikachukua sifongo ya kuoshea vyombo, nikailoweka, nikaishika ikiwa imelala hadi ilipoacha kudondosha. Kisha nikaisimamisha wima. Maji yakaanza kutoka tena, maana kimo cha tabaka lililoshiba ni kilekile hata sifongo ikiwa ndefu. Akaitazama sifongo, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, lakini mimi sikupanda kwenye sifongo."

Tukaendelea na mizizi. Ya begonia ilikuwa laini na ya kahawia. Ukiuvuta mzizi kwa vidole viwili, ganda linavuliwa na kubaki uzi mwembamba. Huo umeoza. Mzizi uliokosa hewa hufa, na mmea usio na mizizi hai unanyauka hata ukiuzamisha. Ndiyo maana majani yanalegea namna ileile kwa kiu na kwa mafuriko, na dawa ni kutia kidole udongoni kabla ya kushika keni. Viazi vya kaladiamu vilibonyea kama ndizi mbivu, tukavitupa, tena kwa glavu, maana utomvu wake unawasha. Shangazi akataka kulitupa na donge la kangaga, kwa kuwa mizizi yake ni myeusi. Nikamzuia. Mizizi ya kangaga nyingi ni myeusi au kahawia ikiwa mizima. Rangi haisemi kitu, angalia ugumu. Ile ilikuwa migumu kama waya.

Mengine yalikwenda haraka. Kangaga tuliipunguza mizizi iliyokufa kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, tukapogoa na theluthi ya majani, tukaihamishia chungu cha sentimita 25. Kivulini, chungu kikubwa kuliko mizizi ni hatari: udongo usio na mizizi ya kuunywa unabaki umelowa. Mchanganyiko mpya ulikuwa sehemu mbili za unga wa makumbi ya nazi, sehemu moja perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi vya kuingiza hewa udongoni), sehemu moja mboji iliyoiva na kuchekechwa. Kitako tulikitoboa matundu matano ya upana wa kidole kidogo, tukayafunika kwa kipande cha wavu tu, bila kokoto. Juu tukaacha nafasi ya sentimita tatu kwa ajili ya maji. Chini tukaweka vipande vitatu vya kigae ili chungu kisikae sakafuni.

Begonia haikuwa na shina la kuokoa, lakini majani mawili yalikuwa mazima. Nikakata mishipa mikubwa upande wa chini, nikayalaza juu ya mchanganyiko wenye unyevu na kuyabana kwa njiti ili mikato iguse. Vimche huchipua pale penye mikato, baada ya wiki kadhaa.

Nikamwachia Shangazi masharti. Maji yamwagwe pale tu sentimita tatu za juu zikikauka, yamwagwe hadi yatoke chini, na maji ya kisahani cha chini ya chungu yamwagwe baada ya nusu saa. Mbolea ya maji iwe nusu ya kipimo cha kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati wa kukua. Mmea wa kivulini hukua polepole, na chumvi ya mbolea isiyotumika inajikusanya kama ukoko mweupe. Chungu kizungushwe robo kila wiki, la sivyo mmea unainamia upande mmoja. Majani yafutwe vumbi, maana mwanga wenyewe ni mchache. Visubi weusi wakianza kuruka juu ya udongo, hao ni ushahidi kwamba juu hapakauki. Na ukuta wa mkabala upakwe chokaa, jambo ambalo hata leo naliona lilisaidia kuliko mbolea yoyote.

Kangaga ilipona. Jani moja la begonia lilitoa vimche vinne, la pili likaoza.

Lakini kuna kopo. Shangazi, bila kuniambia, aliliokota shina moja la begonia kutoka kwenye takataka, akalichomeka kwenye kopo la zamani pamoja na udongo uleule mweusi na kokoto zilezile, akalimwagilia kila alfajiri. Lilistawi. Nililipekua nikitafuta sababu: kopo lilikuwa limeoza kwa kutu pande zote, linavuja kama chujio, na alikuwa amelitundika kwenye kona inayopata jua la asubuhi kwa saa mbili. Kwa hiyo begonia ilikuwa na mwanga, hewa na njia ya maji, yote niliyomhubiria. Nilipomweleza hivyo alicheka, akasema kopo lake halijui habari za sifongo. Na bado anamwagilia kila alfajiri, isipokuwa ile kangaga, ambayo anaiita ya kwangu.