Kutoka Ziwa Viktoria hadi Mtwara

Wiki iliyopita nilimsindikiza binti wa dada yangu kwenda kuanza masomo katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, hapa Mtwara, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafakari historia ya chuo hicho, ambacho jina lake la Kilatini lina maana ya Nyota ya Bahari. Mzizi wake uko mbali na bahari yetu, kwani mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, Mwanza, karibu na Ziwa Viktoria, kikakua hadi Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania likakifanya kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino mwaka 1998. Tawi la Mtwara likafuata mwaka 2009.

Kwa sisi watu wa kusini, mwaka huo ni mkubwa. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, kijana wa huku aliyetaka shahada alivuka mto kwa pantoni, na masika yakikolea aliweza kulala njiani siku kadhaa, huku wazazi wakiwa wamekwisha kuuza korosho zao zote kwa ajili ya nauli na ada. Mimi nililiona jambo hilo nyumbani kwetu. Binti yetu yeye alifika chuoni kwa bajaji, akiwa na godoro lake, na mama yake akarudi nyumbani kupika chakula cha mchana.