Fenilalanini kwa mwanga
Jamani, leo maabarani hapa kampasi ya Chiromo, Nairobi, nimefurahi kweli: tumepima fenilalanini, asidi amino (kijenzi cha protini) iliyomo kwenye damu. Tumeweka plazma (majimaji ya damu) kidogo, NAD+ (molekuli inayosaidia kimeng'enya kufanya kazi) na kimeng'enya cha fenilalanini dehidrojenasi, tukamulika kwa mwanga wa nanomita 340. Kwenye skrini mstari wa mng'ao ukapanda taratibu, halafu ukatulia. Kinachong'aa ni NADH, inayozaliwa kutokana na NAD+ kimeng'enya kinapoibadilisha fenilalanini. Fenilalanini ikiwa nyingi, mng'ao unazidi. (Vimeng'enya vingine vya aina hii hudaka na tairosini, asidi amino nyingine, kwa hiyo chagua kwa makini.)

Nawawaza watoto wenye PKU (fenilketonuria), ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuivunja fenilalanini ipasavyo. Kwao fenilalanini hurundikana ikaharibu ubongo, na wakigunduliwa mapema mlo maalumu huwakinga. Natamani sana kipimo hiki kifike hadi zahanati za Kayole na Dandora, mama apate jibu palepale.