Siku moja kitaluni: krotoni juani, masale kivulini

Saa 11 na nusu alfajiri nimeshashika mpira wa maji. Kitalu chetu kiko kando ya barabara hapa Dar es Salaam, na miche iko kwenye viriba vyeusi. Jua likiviwahi kabla ya maji, ifikapo saa 4 udongo umepata moto na majani yamelala. Kwa hiyo namwagilia gizani, kwa kupapasa.

Saa 1 simu ya kwanza. Mteja wa wiki iliyopita analalamika kwamba krotoni, ile mimea ya majani ya rangi rangi, zinapukutisha majani. Namwambia asing'oe kitu. Krotoni ikihamishwa huwa inanuna, hasa ikipata kiu siku za mwanzo. Amwagilie kila siku, zitatoa majani mapya. Hajaridhika, nasikia kwenye pumzi yake.

Saa 2 anaingia mama mmoja, mwalimu mstaafu. Shikamoo, marahaba mwanangu, kisha simu mkononi. Anataka ukingo wa njia ya gari, kutoka getini hadi barazani, wenye rangi mwaka mzima na usiohitaji mtu wa kuulea. Picha aliyonayo ni ya olianda yenye maua ya rangi ya waridi.

"Hii haisumbui, fundi. Nimeuliza."

Ni kweli haisumbui. Inavumilia jua, ukame, hata upepo wa chumvi. Lakini ni sumu kuanzia jani hadi ua, na hata moshi wake ukiichoma si wa kuvuta. Nikamuuliza nyumbani kuna nani. Wajukuu watatu, na mbuzi wa Idd ameshafungwa uani. Olianda tukaiacha hapo hapo. Krotoni, niliyokuwa nikiifikiria mimi, nayo si ya kutafuna, utomvu wake unawasha, ila haifiki huko.

Akageukia bogenvilia. Mimi naipenda, lakini ukutani. Kando ya gari miiba itachora milango, na kila baada ya wiki chache utamwita mtu mwenye mkasi. Akalifa nyekundu nayo ukiisahau inakuzidi kimo. Watu wengi huja kuchagua ua, wakati ua lina msimu wake. Anayetaka rangi bila kazi achague jani, kama la krotoni. Tukakubaliana hiyo.

Saa 4 tuko kwake na kirikuu, krotoni 25 nyuma, dogo, msaidizi wangu, kazikalia jirani kama kondakta. Njia ina mita 18. Nilishahesabu: nafasi ya sentimita 75, upande mmoja, miche 25 inatosha kabisa. Nikashuka, nikatazama juu, nikaona nimekosea. Karibu na baraza kuna mwembe mkubwa, na mita 6 za mwisho jua halifiki. Kosa langu, sikuuliza habari za kivuli. Krotoni ukiiweka kivulini haifi, ila njano na nyekundu zote zinafifia, inabaki kijani tu. Angenilaumu baada ya miezi mitatu, na angekuwa na haki.

"Pale chini ya mwembe tuweke masale," nikasema.

Akacheka. "Masale? Majirani si watadhani nimegombana na mtu, naomba msamaha?"

Anajua mila zetu kuliko nilivyodhani. Kwetu Kilimanjaro sale ndilo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ndilo linalopelekwa kwa uliyemkosea. Linaishi chini ya migomba miaka na miaka bila kuangaliwa. Lipo lenye mstari wa njano katikati ya jani, na kivulini linang'aa vizuri. Akakubali. Dogo akarudi na kirikuu, akarudisha krotoni nane, akaleta masale.

Saa 7 wali maharage, na nusu saa ya kulala juu ya magunia ya samadi.

Saa 9, jua limelegea, tunachimba. Mashimo yako sentimita 60 kutoka kwenye pevingi, maana mlango wa gari lazima ufunguke na mche lazima utanuke. Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba. Mchanga wa huku unapitisha maji kama chujio, kwa hiyo tunachanganya na samadi iliyooza. Kiriba nakichana kwa kisu upande mmoja, naingiza mkono chini, mzigo wa udongo unatoka mzima na mizizi myeupe imeuzunguka. Iliyojizungusha sana naifumua kwa vidole. Tawi moja likavunjika, utomvu ukanidondokea kifuani. Doa hilo litageuka kahawia na halitatoka. Shati langu la kazi lina ramani nzima.

Saa 12 tunamwagilia, namwonyesha mama: kila siku kwa wiki mbili au tatu, kisha mara mbili kwa wiki hadi masika yapokee. Hilo tawi nimelifunga kwenye gazeti, kesho nitalipandikiza kitaluni.

Salio la elfu themanini atatuma mwisho wa mwezi. Nimeliandika daftarini, chini ya la yule wa Goba wa mwezi wa kumi.