Jinsi nilivyoipata kamera ya roketi yetu ya maji

Muuzaji wa kwanza niliyemweleza kwamba nataka kamera ya kupiga video kutoka kwenye roketi ya maji, yaani chupa ya soda inayorushwa kwa maji yanayosukumwa na hewa iliyoshindiliwa, katika duka moja la vifaa vya simu hapa Tanga, alishikilia kwamba ninunue kamera kubwa, ya aina wanayofunga waendesha pikipiki kwenye kofia. "Mwalimu, ukichukua hizi ndogo utajuta," aliniambia. Nilimwachia rehani, nikaipeleka kamera hiyo kwa sonara wa jirani, na mizani yake ikasoma gramu 150 na ushei, ilhali chupa tupu ya soda ya lita 2, ambayo ndiyo mwili wa roketi yetu, haikufika gramu 50. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, kwa kuwa wanafunzi wangu walikwisha kuanza kuchangishana fedha kwa ajili yake.

Tukageukia vikamera vinavyoning'inizwa kwenye funguo, vyenye gramu 20 hivi, kwa bei ya elfu arobaini na kitu. Cha kwanza kiliruka asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaanza, kikashuka salama kwa parachuti, lakini kwenye memori kadi tulikuta faili tupu. Baada ya siku mbili za kukifungua na kukifunga nilitambua kwamba mshtuko wa kuondoka ulikuwa umeitikisa betri, umeme ukakatika kufumba na kufumbua, na vikamera hivi vikikatikiwa umeme kabla ya kulifunga faili, video yote hupotea.

Hapo ndipo nilipobuni jaribio ninalojivunia. Nilirudi dukani na soksi nene na kamba ya mita 1, nikaomba vikamera vitatu vya aina tofauti, nikawasha kimoja kimoja, nikakitia ndani ya soksi na kukizungusha uani mizunguko miwili kwa kila sekunde. Kwa mwendo huo kamera huvutwa kwa nguvu inayokaribia mara 16 ya uzito wake. Roketi ya maji huondoka kwa nguvu kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo kamera inayoshindwa ndani ya soksi haina safari ya angani. Viwili vilizimika. Cha tatu kiliendelea kurekodi giza la soksi hadi nilipokitoa, nikakilipia papo hapo.

Betri yake niliibana kwa kipande cha ndala, nikakifunika kikamera chenyewe kwa nailoni dhidi ya maji, nikakifunga karibu na pua ya roketi, kwa sababu uzito ukikaa mbele roketi hunyooka, na ukikaa nyuma hupinduka. Kipande kingine cha ndala nilikiweka chini yake, maana kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari, na mtetemo huifanya picha iyumbe kama kitu kilicho ndani ya maji.

Tulikirusha Pongwe. Katika sekunde ya tatu ya video mashamba ya mkonge yanaonekana yamepangika kama mistari ya daftari, na kando yake wanafunzi wangu wote wameinua nyuso juu.