Kaka alipoanza kuyumba
Kaka yangu, fundi wa kupaua mwenye miaka 34, alianza kuamka na kichwa kinachogonga, anatapika, kisha kufikia saa nne asubuhi yuko sawa. Tukatibu malaria mara mbili. Nilishtuka siku aliposhindwa kusimama juu ya kenchi, yeye aliyekuwa akitembea huko kama paka.

Picha ya MRI ikaonyesha uvimbe nyuma ya kichwa, kwenye sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Meduloblastoma, saratani inayowapata zaidi watoto. Baada ya upasuaji walimpima maji ya uti wa mgongo, maana seli za saratani hii husafiri humo. Ndiyo sababu mionzi ilipigwa ubongo wote na mgongo wote. Mama aliiogopa mionzi kuliko kisu.

Jana kaka amepiga randa ubao mmoja, akiwa amekaa.