Simu ya dharura ya uongo: yaliyotokea sebuleni kwangu Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilikuwa chumbani nikasikia vicheko sebuleni, vile vya watoto wanaofanya kitu huku wanajua kabisa hakitakiwi. Nikatoka. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 13, yupo na wenzake wawili, simu wameweka spika katikati ya meza, na yeye amebana sauti kama mtu anayelia, anasema njooni haraka baba ameshika kisu. Upande wa pili kuna mwanamke anamuuliza taratibu kabisa, umejificha wapi mwanangu, mlango una funguo?

Nikainyakua ile simu. Kidogo nikate, nashukuru sikukata. Nikajitambulisha, nikamwambia dada samahani sana ni watoto wanacheza, hapa hakuna shida yoyote. Nilitegemea anigombeze ayamalize. Hakunigombeza. Akaniuliza jina, nilipo, kama kuna mtu ameumia, halafu akaomba aongee tena na mtoto, peke yake, mimi nikae mbali na simu. Hapo ndo nikaelewa, mwili ukaniishia nguvu. Kwake yeye mimi ndo nilikuwa yule baba mwenye kisu. Mwanaume katokea ghafla, kamnyang'anya mtoto simu, anasema hakuna shida, wewe ungekuwa kwenye kiti chake ungeamini?

Askari walikuja. Wawili, wakaingia, wakaongea na watoto pembeni, wakapita kila chumba, wakanikalisha chini kama nusu saa hivi. Walikuwa wastaarabu, walitoa onyo kali wakaondoka. Ila mimi usiku ule sikulala vizuri, nikawa nawaza hiyo nusu saa kuna mtu gani mwingine alikuwa anawasubiri.

Kwahiyo naandika hii kwa wazazi, na kwa vijana ambao wanaona ni utani tu. Hii huduma yote imejengwa juu ya kitu kimoja, anayepokea simu analazimika kukuamini. Hana namna nyingine. Mtu anayeungua na nyumba au mwanamke anayepigwa hawezi kuanza kuthibitisha kwanza, kwahiyo wanatuma watu halafu maswali yanafuata. Ukidanganya pale unatumia imani ambayo imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye shida, na askari wanaokuja wanakuja na picha uliyowachorea wewe. Ukisema kuna bunduki wanakuja wakitegemea bunduki.

Na hilo limeshaua mtu. Desemba 2017 huko Marekani vijana wawili waligombana kwenye gemu la mtandaoni, dau lenyewe lilikuwa dola moja na nusu. Mmoja akamtafuta jamaa wa Los Angeles ambaye alikuwa anajulikana kwa kazi ya kuwaitia watu polisi kwa uongo, wenyewe wanaita swatingi, jina limetoka kwenye SWAT, vikosi maalum vya polisi kule. Yule mwingine alikuwa ametoa anwani ya nyumba aliyokuwa akiishi zamani, huku anawachokoza kwamba njooni basi. Jamaa akapiga simu polisi wa Wichita, Kansas, akajifanya amempiga baba yake risasi na ameshikilia ndugu zake mateka. Polisi wakaizunguka nyumba. Aliyefungua mlango ni baba wa watoto wawili, miaka 28, hahusiki na hilo gemu kabisa, katoka kuangalia hizo taa za nje ni za nini. Askari mmoja akampiga risasi, akafa. Aliyepiga simu alikamatwa siku iliyofuata, na Machi 2019 akahukumiwa miaka 20. Aliyemtuma nae akala miezi 15.

Kuna nyingine ya Tennessee, Aprili 2020. Mzee wa miaka 60 alikuwa na jina la akaunti ya Twitter ambalo watu walilitaka, akakataa kulitoa, wakapiga simu polisi kwamba kwake kuna mauaji. Hapo haikupigwa risasi hata moja. Mzee akajikuta amezungukwa na bunduki, moyo ukasimama. Mmoja wa waliohusika akafungwa miaka 5. Yani kwa jina la akaunti, nashindwa hata kuelewa.

Dogo alinisikiliza kimya halafu akauliza swali ambalo nadhani vijana wote wanalo kichwani, kwani anko wangenijuaje, si nilificha namba? Kuficha namba kunamficha rafiki yako tu. Sehemu nyingi duniani kituo cha dharura kinaiona namba hata kama umeificha, na mitambo mingi inaonyesha na eneo ulipo. Wapo wanaopiga kwa intaneti wakabadilisha sauti na kila kitu, na bado wanapatikana, inachukua muda tu. Kuna kijana wa California alikamatwa Januari 2024 akiwa na miaka 17, simu za uongo zaidi ya 375, mpaka alikuwa anauza kama biashara, Februari 2025 akapewa miaka 4 jela. Utoto haukumsaidia.

Sheria zinatofautiana nchi na nchi lakini karibu kila mahali hili ni kosa la jinai, na kadri madhara yanavyokuwa makubwa ndivyo kifungo kinavyopanda. Uingereza kupoteza muda wa polisi kwa makusudi ni hadi miezi 6, ukidanganya kuna bomu ni hadi miaka 7. California wana sheria ya 2013 kwamba ukikutwa na hatia unalipa na gharama za kikosi kilichotumwa. Seneta aliyeupeleka ule muswada, Ted Lieu, na yeye mwenyewe nyumbani kwake walimuitia polisi kwa uongo mwaka huohuo.

Ila jamani, na hapa naomba tuelewane kwa sababu dada yangu baada ya kusikia haya yote aliniambia basi yeye hatapiga hiyo namba kamwe asije akafungwa. Hapana! Kosa ni kusema uongo huku unajua ni uongo. Umesikia mtu anapiga kelele kwa jirani ukapiga simu, wakaja wakakuta ni watu wanaangalia mpira, huna kosa lolote. Simu imejipiga yenyewe mfukoni, huna kosa, ila usikate, subiri wapokee uwaambie ni bahati mbaya, maana ukikata wao hawajui kama umekata mwenyewe au umenyang'anywa simu na inabidi waanze kukutafuta.

Kitu kingine kimeniuma kuliko hata vifungo. Zamani Ujerumani uliweza kupiga 112, namba yao ya dharura, kwa simu isiyo na laini kabisa. Watu wakaigeuza mchezo maana hakuna jina wala usajili, mpaka mwaka 2009 wakaifunga, sasa lazima uwe na laini. Uingereza nako huwezi kupiga bila laini. Fikiria mtu aliyekimbia nyumbani usiku na simu ya zamani mkononi haina laini ndani, huyo njia yake imezibwa na watu waliokuwa wanacheka kwenye spika.

Wazazi, haitoshi kuwaambia watoto namba ni ngapi. Wacha wajue kwamba upande wa pili kuna mtu anayesikia kilio na anakichukulia ni kilio. Mimi sikuwahi kumwambia wangu, nilidhani anajua.

Jumapili jioni alikuja akakaa pembeni yangu, akaniuliza yule mama wa kwenye simu bado anafikiri wewe ni mtu mbaya? Nikamwambia sidhani, askari watakuwa wamempa majibu. Akauliza kama anaweza kumpigia amuombe msamaha. Nikamwambia kwa namba ile usipige, andika barua, Jumatatu tutaipeleka wote kituoni. Ameandika mistari mitano, ya mwisho ameifuta mara mbili akaiandika tena, anamuomba yule mama wa kwenye simu asimwone kila mtoto anayelia ni muongo.