Tally (programu ya uhasibu) haioni kampuni iliyo kwenye seva: kurekebisha njia ya folda ya data

Kompyuta ya mhasibu ikileta orodha tupu ya kampuni, au ikisema njia ya data si sahihi, mara nyingi vitabu vyenyewe viko salama kwenye seva (kompyuta inayotunza data ya ofisi nzima) na kilichoharibika ni anwani tu. Usikimbilie kusakinisha Tally upya. Zaidi ya yote usirejeshe bekapu, maana bekapu ya wiki iliyopita ikiwekwa juu ya data nzima itafuta kazi ya wiki nzima. Watoe watumiaji wote kwenye programu, nakili folda ya data mahali pengine, ndipo uanze kutafuta tatizo.

Kosa linaloongoza ni hili: mtu anaketi kwenye seva, anaona D:\TallyData, kisha anaiandika hivyohivyo kwenye kompyuta ya mhasibu. Lakini njia husomwa na kompyuta inayofungua programu. Kule kwa mhasibu, D: ni diski yake mwenyewe, au haipo kabisa. Kompyuta zote isipokuwa seva zitumie njia ya mtandao, mfano \\SEVA\TallyData: jina la seva, kisha jina ambalo folda imeshirikishwa nalo. Jina hilo la pili linaweza kutofautiana na jina la folda kwenye diski, na linalohesabika ni lile la kushirikishwa.

Ijaribu njia hiyo nje ya Tally kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika njia, gonga Enter. Windows ikishindwa kuifungua, Tally nayo haitaweza. Ili kujua sababu, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

net use Z: \\SEVA\TallyData

Namba ya kosa itakuelekeza. 53 ni seva kutofikika: imezimwa, waya umechomoka, jina halitambuliki, au mtandao wa seva umewekwa kuwa wa umma na ukuta wa moto (firewall) umefunga bandari 445, mlango wa mtandao unaopitisha folda zilizoshirikishwa. Weka anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao) mahali pa jina. Ikifunguka, tatizo ni jina. 67 mara nyingi ni jina la folda lililokosewa. 5 ni ruhusa. 1326 ni jina la mtumiaji au nywila isiyo sahihi.

Kwenye ofisi ambazo umeme hukatika mara kwa mara, ruta ikiwaka upya huenda ikaipa seva anwani nyingine. Njia iliyoandikwa kwa IP inakufa hapo. Ipe seva anwani isiyobadilika.

Folda ikifunguka, bado hujamaliza. Tengeneza faili dogo la maandishi ndani yake, kisha lifute. Ukishindwa, angalia ruhusa sehemu mbili: kwenye kushirikisha na kwenye usalama wa folda yenyewe. Windows hufuata ile iliyo finyu zaidi, na ruhusa ya kawaida ya kushirikisha ni kusoma tu. Jihadhari pia na Windows 11 Pro toleo la 24H2, ambalo kwa kawaida hukataa kuingia kwenye seva kama mgeni bila nywila. Tengeneza akaunti yenye nywila kwenye seva na uihifadhi kwenye kila kompyuta.

Draivu ya Z:, ile inayoundwa na amri ya net use, nayo ina mtego wake. Tally ikifunguliwa kwa haki za msimamizi, kwa kawaida haioni draivu za mtandao zilizounganishwa na mtumiaji wa kawaida. Ndiyo maana napendelea njia kamili yenye \\ kuliko herufi.

Sasa funga Tally, fungua faili la tally.ini kwenye folda ya programu, na urekebishe mstari wa data:

Data=\\SEVA\TallyData

Ishia kwenye folda mama. Kila kampuni ina folda yake yenye namba, kama 10000 au 10001. Ukiandika \\SEVA\TallyData\10000, orodha itakuja tupu ingawa kila kitu kipo.

Hatari kubwa kuliko njia inayokataa ni njia isiyo sahihi inayofunguka. Kompyuta ikielekezwa kwenye folda yake ya ndani yenye nakala ya zamani ya kampuni, mhasibu ataingiza vocha (rekodi za miamala) siku nzima bila onyo lolote, na ofisi itakuwa na vitabu viwili. Kwa hiyo baada ya marekebisho, linganisha tarehe na namba ya vocha ya mwisho kwenye kila kompyuta na ile ya seva. Zikitofautiana, usinakili folda moja juu ya nyingine. Toa vocha zilizopotelea kwenye nakala kama faili la XML (muundo wa kuhamishia data), ziingize kwenye kampuni ya seva, hakiki salio la benki na la wadaiwa, kisha iondoe nakala ile kwenye kompyuta ya mhasibu.